Mchanga Uliohamia kwa Jirani

Kila mwaka, Ramadhani ikiwa mlangoni, familia yetu hubeba masufuria na mikeka, hupanda pantoni pale Feri, na kwenda kuvunja jungu ng'ambo ya Kigamboni, juu ya ulimi wa mchanga. Watu wengi huvunja jungu nyumbani: hula, hushiba, hulala. Bibi yangu anasema huko ni kula tu. Kwake yeye jungu halijavunjika mpaka mchanga uingie kwenye pilau.

Ulimi wenyewe uko hivi. Kuna hori, yaani maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu, na ndani yake kuna mikoko. Mbele ya hori mchanga umejinyoosha mrefu na mwembamba, bahari upande huu, hori upande ule. Pale unaposhikana na nchi kavu tunapaita shinani. Pale unapoishia, upande unaotazama mjini, tunapaita nchani. Na baada ya ncha palikuwa na mlango ambao maji ya hori yaliupitia kutoka na kuingia. Mlango ule ulikuwa na mkondo wa kuvuta mtu, na sisi watoto tulikatazwa hata kuusogelea. Kwa hiyo ukishuka pantoni kutoka mjini unaiona ncha hapo hapo mbele yako, ungeweza hata kumwita mtu aliyekaa juu yake, lakini kufika ni lazima uzunguke kwa bajaji nyuma ya hori lote, uingilie shinani.

Bibi alikuwa na mahali pake shinani, karibu na mivinje. Shoga yake, ambaye sisi wajukuu tunamwita Bibi wa Msimbazi kwa sababu ya mtaa anaokaa, alikuwa na pake nchani. Hakuna aliyewagawia. Waliketi hapo wakiwa wasichana waliosoma chuo kimoja cha Kurani, na kuketi mara nyingi kukawa hati ya kiwanja. Bibi wa Msimbazi ni wa ukoo wa Kiarabu, na watu wake wana duka la masufuria Kariakoo tangu zamani. Sisi ni wa pwani hii hii. Babu alikuwa fundi katika karakana za reli hapa Gerezani, na hapa ndipo tunapoishi mpaka leo.

Nilipokuwa mdogo shinani palikuwa papana. Tulicheza rede nyuma ya mkeka wa Bibi na mpira haukufika majini. Mivinje ilikuwa nyuma yetu. Mwaka mmoja nikakuta mvinje wa kwanza uko ubavuni mwetu. Mwaka mwingine uko mbele yetu, mizizi yake inaning'inia kama miguu ya mtu aliyekaa juu ya ukuta. Halafu ukawa haupo. Upande wa bahari, mahali palipokuwa na mchanga mweupe, pakatokeza tope jeusi na visiki vya mikoko. Bibi akauliza ni mpumbavu gani aliyepanda mikoko baharini.

Babu akasema hakuna aliyepanda. Mikoko ile ilikuwa ya horini. Ulimi ndio uliokuwa ukijigeuza kuelekea nchi kavu, ukapita juu yake na kuiacha nyuma. "Kama mtu aliyelala," akasema, "akigeuka anavuta shuka, na wa nyuma yake anabaki wazi."

"Hiyo ni tabia yako," Bibi akamwambia. "Usiisingizie bahari."

Nchani mambo yalikuwa kinyume. Kila tulipokwenda tulikuta ncha imenenepa na kurefuka. Babu alisema upepo wa kusi huusukuma mchanga kuelekea mjini, kaskazi hujaribu kuurudisha, lakini kusi ana nguvu zaidi. Mchanga haupotei, unahama. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili, mimi ni mtu wa Kariakoo. Machinga akiondolewa mtaa huu hatoweki. Kesho meza yake iko mtaa wa pili, na mwenye duka wa mtaa ule anashangaa barabara yake imekuwa nyembamba lini.

Bibi naye alielewa, kwa namna yake. Kama mchanga wake umehamia nchani, basi nchani ni kwake.

"Shoga," alikuwa akimwambia Bibi wa Msimbazi kila mwaka, "umekalia mchanga wangu."

"Uite basi, tuone kama utakuitikia."

"Utaitika vipi na wewe umeukalia kwa uzito huo?"

Wakacheka, wakabadilishana kachumbari, kila mmoja akarudi kwenye mkeka wake. Huo ulikuwa utani wao, na sisi tuliuzoea kama tulivyozoea mchanga kwenye pilau.

Sasa niseme habari yangu, maana bila hiyo mchanga huu usingenikosesha usingizi. Mimi nashona pindo za mapazia kwa fundi mmoja Kariakoo. Nilimaliza darasa la saba nikaingia cherehani, na cherehani ilinifaa kwa sababu haitaki mtu wa maneno. Mkabala na fundi wangu ni duka la masufuria, na muuzaji wake ni mjukuu wa Bibi wa Msimbazi, kijana mrefu anayelazimika kuinama asigonge masufuria yaliyoning'inizwa mlangoni. Alianza kwa kunisalimia. "Mambo?" anasema, na mimi natafuta "poa" mpaka mteja wake wa tatu anaondoka na mfuniko. Hakuchoka kusubiri. Hilo ndilo lililonipendeza, wala sikuwa na lingine la kumpima nalo. Ikafika siku akaniambia watu wake wanataka kuleta posa baada ya Idi, nami nikamkubalia kwa kichwa.

Mama alipomfikishia Bibi habari hiyo, Bibi alifurahi sana kupata silaha mpya. "Waanze kunirudishia mchanga," akasema, na nyumba nzima ikacheka, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya pazia nililolishona mwenyewe.

Lakini baadaye kidogo kulikuwa na arusi mtaani, na katikati ya wanawake Bibi wa Msimbazi akasema kwa sauti, "Shoga, safari hii msihangaike kubeba mikeka. Shinani kwenu kumekwisha. Njooni tu nchani, nyinyi ni wageni wetu."

Wanawake wakacheka. Bibi naye akacheka. Aliporudi nyumbani alikaa kitandani jioni nzima bila kuvua baibui.

"Mgeni," alisema. "Mimi."

Tangu siku hiyo akitajiwa posa hakucheka tena. "Wamechukua mchanga," alisema, "sasa wanataka na mtoto." Mama alijaribu. Babu alijaribu, akaambiwa arudi kwenye shuka lake. Kwetu posa haipokewi Bibi akiwa amenuna. Mimi nilishona pindo moja mara mbili kwa mawazo, na fundi akaniuliza kama pazia lile ni la jela.

Mama akapanga ujanja. Akakubaliana na wenzake wa Msimbazi kwamba mwaka huu familia mbili zitakula pamoja: sisi tulete pilau, wao walete kuku na kachumbari. Alidhani watu wakichangia sinia hawawezi kuendelea kununiana. Mama ni mtu mwema, lakini alisahau jambo moja.

Siku ikafika. Mwezi ulikuwa umekwisha, na maji ya siku hizo ni ya bamvu: asubuhi hutoka mbali sana, na mchana hurudi kama yamesahau kitu. Tukavuka na pantoni, tukazunguka hori lote kwa bajaji, sufuria la pilau likiwa limepakatwa na Mama kama mtoto mchanga. Tukashuka penye njia ya shinani, na shinani hapakuwepo.

Mahali pa mkeka wa Bibi palikuwa na maji yanayotembea. Mvinje wa mwisho ulikuwa umelala ubavu. Ulimi ulikuwa umekatika kabisa kutoka nchi kavu, na kati yetu na mchanga kulikuwa na mlango mpya.

"Nani kapasua hapa?" Bibi akauliza.

"Masika ya mwaka jana," Babu akasema. "Hori lilijaa mvua, likaona njia ya kuzungukia nchani ni ndefu, likakata hapa palipokuwa pembamba."

Bibi aliyatazama maji yale kwa muda. Nilidhani atasema turudi nyumbani. Akakunja baibui lake, akaingia. Maji yalifika magotini. Alivuka bila kushikwa mkono, akatembea mchanga wote mpaka nchani, ambako wenzetu walikuwa wamekwisha kufika kwa njia hiyo hiyo na kutandika. Akatandika mkeka wake ukingo juu ya ukingo wa mkeka wa Bibi wa Msimbazi, akaketi.

"Shikamoo Bibi," yule kijana akaja kumwamkia.

"Marahaba, mwizi wa mchanga. Mfukoni umeweka kiasi gani leo?"

Akageuza mifuko yake nje amwonyeshe. Kweli mchanga ukadondoka kidogo, maana ufuoni hakuna mfuko usio na mchanga. Bibi akageuza uso upande wa bahari haraka. Sikuweza kujua kama ni hasira au ni kicheko.

"Karibuni wageni," Bibi wa Msimbazi akasema, na mkono wake ukaenda kwenye mwiko. "Leteni pilau nipakue, watoto wana njaa."

Hilo ndilo Mama alilosahau. Kwetu mwenyeji ndiye anayepakua. Mgeni hagusi mwiko.

Bibi akaweka mkono juu ya mfuniko. "Nani mgeni?"

"Si wewe, shoga? Kwako kuko chini ya maji, nimekuona ukikuvuka."

"Kwangu kuko hapa. Mchanga huu nimeukalia tangu uko kule. Ulipohama nilikuwa nautazama. Wewe umeukuta umefika."

"Kwa hiyo maembe ya jirani yakidondokea uani kwangu, niyaite ya nani?"

"Ya jirani!"

"Ee, kumbe! Basi nirudishie yale uliyoyala tukiwa chuoni."

Tukacheka sote, wao hawakucheka. Bibi alisema pilau ni lake na atalipakua mwenyewe. Bibi wa Msimbazi alisema mchanga ni wake na hawezi kupakuliwa na mgeni kwenye mchanga wake mwenyewe, watu watasema nini. Kila mmoja alishika upande wake wa mfuniko, kwa adabu, wakizungumza mambo mengine. Waliulizana habari za wagonjwa. Waliulizana bei ya tende. Mfuniko haukufunguka. Kuku akapoa, watoto wakaanza kula kachumbari tupu, Babu akalala.

Mimi nilikaa pembeni nikitazama upande wa mjini, kwa sababu upande mwingine kulikuwa na kijana ananitazama. Ndipo nikawaona wanawake wanaookota kombe za ufuoni. Walikuwa wakitoka ufuo wa upande wa pantoni na ndoo zao, wakitembea moja kwa moja kuja nchani, pale pale penye mlango wa zamani tuliokatazwa. Kanga zao hazikulowa. Maji yalipofikia kwenye vifundo vya miguu ndipo palipokuwa na kina zaidi.

Nilifikiri, nikaona sababu. Maji yalipopata njia fupi ya shinani yaliuacha mlango ule, na mlango usiopitwa hujaa mchanga, kama kizingiti cha duka lililofungwa kinavyojaa meza za machinga. Sote tulikuwa tumezunguka hori bure. Nikataka kusema. Nikaanza kutafuta maneno ya kuanzia, na kabla sijayapata mtoto mmoja akapiga kelele kwamba maji yamechukua kandambili zake.

Bamvu lilikuwa linarudi. Watu wakakusanya mikeka na vyombo wakakimbilia shinani, tulikotoka. Sufuria la pilau likabebwa likiwa limefungwa vile vile. Tukafika kwenye mlango mpya tukakuta si ule wa asubuhi. Maji yalikuwa yakiingia horini kwa kasi, mapana, yanazunguka. Mjomba mmoja wa yule kijana akajaribu kuingia, yakamfika kiunoni na kumsogeza pembeni, akarudi. Bibi wa Msimbazi akaanza kusoma dua kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nyuma yetu ulimi ulikuwa unapungua.

"Tungoje hapa hapa yapungue," Bibi akasema.

"Hayapungui, ndio kwanza yanakuja," Mama akasema.

"Bibi," nikasema.

"Nini?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Mlango wa zamani. Kuna watu wanapita."

"Mlango ule umemeza ngalawa, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. "Unataka nikafie kule, ubaki na mume peke yako?"

Watu wakacheka kwa woga, na maneno yangu yakazama kwenye kicheko hicho. Nilijua sitaweza kuyasema tena. Nikainama nikashika mkono mmoja wa sufuria la pilau na kulivuta. Lilikuwa zito kupita nguvu zangu. Kabla halijainama, mtu akashika mkono wa pili. Sikuinua macho kuona ni nani, viatu vyake navijua. Tukalinyanyua, tukageuka, tukaanza kwenda nchani.

"Wee! Pilau linaenda wapi?" nikasikia nyuma.

Kama ningekwenda peke yangu, nadhani wangebaki wakiniita mpaka sasa. Lakini tangu asubuhi hakuna aliyekula cha maana. Watoto walifuata pilau, mama zao wakafuata watoto, wajomba wakafuata kuku asiachwe, na mwisho nikasikia Bibi akimwambia shoga yake, "Nishike mkono, nisije kufa kabla sijamchapa yule."

Tulipofika kwenye mlango wa zamani maji yalikuwa yamepanda kidogo, nusu ya muundi. Kijana akanitazama. Mimi ndiye niliyetangulia kuingia. Chini palikuwa pagumu, mchanga uliokaa. Tukavuka tukiwa tumelishika sufuria kati yetu, mbele ya familia zote mbili, na nilihisi masikio yangu yanawaka kuliko jua. Wote wakavuka nyuma yetu, isipokuwa mabibi wawili. Bibi alisimama ukingoni mwa mlango aliouogopa maisha yake yote. Akaingiza mguu, akautazama. Akaingiza wa pili.

"Huu ndio mlango?" akauliza. "Huu?"

"Umezeeka," Bibi wa Msimbazi akasema. "Kama sisi."

Walivuka wameshikana mikono, wakilaumiana nani anamvuta mwenzake.

Ng'ambo ile hapakuwa pa mtu. Mikeka ikatandikwa popote. Mfuniko ukabaki umefungwa, na watu wote wakawatazama mabibi wawili. Bibi alikuwa anahema. Akachukua mwiko, nikadhani ndiyo yanaanza tena, akanitupia mapajani.

"Pakua wewe. Umelileta bila kuulizwa, limalize."

Nikapakua. Nikampa Babu wali mwingi usio na nyama. Hakuna aliyesema lolote juu ya posa, wala Bibi hakumtazama yule kijana tena siku ile. Kwenye pantoni ya kurudi alikaa akitazama maji ya lango la bandari, na mimi sikujua kama nimeharibu au nimetengeneza.

Ramadhani ikaingia. Halafu alasiri moja Bibi akapika tambi, akazifunika kwa kawa, akaniita. "Peleka Msimbazi. Mwenyewe, usimtume mtoto. Ukamwamkie na bibi yao."

Msichana anayengojea posa hatumwi hivyo kupeleka futari kwa watu wa kijana, jambo hilo hata mimi nalijua. Nilitembea na bakuli lile mitaa yote nikiona kila mtu ananitazama, kumbe kila mtu alikuwa na njaa yake. Bibi wa Msimbazi alinifungulia mwenyewe. Akalifunua bakuli, akanusa, akasema sukari imezidi lakini atavumilia, ndivyo ujamaa ulivyo. Akanijazia katlesi, bakuli lisirudi tupu. Kisha akasema, "Mwambie bibi yako, Jumapili ya kwanza baada ya Idi tunakuja."

Maneno ya namna hiyo huchukuliwa na mshenga, mtu mzima, mwenye kofia na sauti. Mimi niliyachukua mwenyewe, nikiyarudiarudia njia nzima kutoka Msimbazi hadi Gerezani yasinidondoke. Nilipoingia nyumbani tende zilikuwa tayari mezani na wote wamekaa wanasubiri adhana.

"Wamesemaje?" Bibi akauliza.

"Wamesema sukari imezidi."

"Hilo najua. Na nini tena?"

"Wamesema wanakuja. Jumapili, baada ya Idi."

"Wanakuja kufanya nini?"

Alijua. Alikuwa amejipanga vizuri kwenye mto wake, mikono mapajani, kama mtu aliyekata tiketi. Mama akainamisha kichwa kuficha kicheko. Nikatafuta neno, nikalitafuta, adhana ikaanza kule msikitini na mimi bado nimesimama na bakuli la katlesi.

"Mwache mtoto afuturu," Babu akasema.

"Afuturu," Bibi akasema. "Lakini asikae mpaka aseme."